Kuchagua programu za kubeba mfumo wa biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na kampuni za ukubwa wa kati: msambazaji wa bidhaa mwenye matawi kadhaa, SACCOS, hospitali binafsi, kampuni ya mabasi inayouza tiketi kwa simu. Mfumo wanao tayari, au wako mbioni kujengewa, na mezani kuna profoma mbili tatu ambazo hazifanani hata kidogo. Majibu haya hayajifanyi kukaa katikati. Ninapoegemea upande, nitasema.

Programu za miundombinu ni zipi hasa?

Ni kila kilicho chini ya kile ambacho mfanyakazi wako anakiona. Karani wa kaunta anaona fomu ya kuingiza mauzo. Chini ya fomu hiyo kuna seva ya wavuti inayopokea maombi, kama Nginx au Apache. Kisha kuna seva ya programu inayoendesha kanuni zenyewe za biashara: Tomcat, WildFly au WebLogic kwa wanaotumia Java, na PHP, Node.js au .NET kwa wengine. Halafu hifadhidata, pengine foleni ya ujumbe, na chini kabisa Linux au Windows Server. Mteja anapoambiwa "mtandao unasumbua", mara nyingi mtandao hauna kosa lolote. Mojawapo ya hizi imeelemewa.

Hilo si la msanidi? Mwenye biashara anaingiaje?

Msanidi atachagua anachokijua, na hilo si baya. Kifaa anachokijua vizuri hushinda kifaa bora asichokijua. Lakini leseni utalipa wewe, na mfumo utaendelea kufanya kazi baada ya mkataba wake kwisha. Muulize jambo moja kabla ya mengine yote: mkiachana leo, ni watu wangapi mjini hapa wanaoweza kushika kazi hii wiki ijayo? Akianza kuzunguka, jibu umeshalipata.

Mbele tuweke Apache au Nginx?

Yoyote. Apache ipo tangu 1995, Nginx ilitolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, na zote mbili zitabeba mzigo wa kampuni yako bila jasho. Nginx hutumia kumbukumbu kidogo pale watu wengi wanapounganishwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mimi huanza nayo. Kikao cha kulijadili hili kisizidi dakika kumi.

Mfumo wetu ni wa Java. Tomcat inatosha, au tununue WebLogic?

Kwa wengi Tomcat inatosha. WebLogic na WebSphere, mwenzake wa IBM, zilikuwa na maana kubwa enzi ambazo mfumo ulihitaji miamala inayovuka hifadhidata kadhaa kwa pamoja, na benki nyingi bado zinazo kwa sababu mfumo mkuu wa benki uliuzwa ukiwa juu yake. Kama muuzaji wa mfumo wako ameandika wazi kwamba anahudumia WebLogic peke yake, nunua, usibishane. Kama hakuna aliyekulazimisha, sioni sababu.

Katikati ya Tomcat na hizo kuna WildFly, mtoto wa JBoss, ambayo ni huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) na ina sehemu nyingi ambazo Tomcat haina. Ukitaka yenye mkataba wa huduma kuna JBoss EAP ya Red Hat.

Jambo linalowanasa watu ni toleo. Mwaka 2020, Jakarta EE 9 ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta. Tomcat 9 inafuata majina ya zamani, Tomcat 10 inafuata mapya. Ukichukua mfumo wa mwaka 2017 ukauweka juu ya Tomcat 10 hivi hivi, hautawaka, na fundi asiyejua atapoteza siku nzima akitafuta kosa ambalo halipo kwenye msimbo. Kwa hiyo profoma ikisema "Tomcat" bila namba, irudishe.

Java yenyewe ni ya bure au ya kulipia?

Inategemea umeipakua wapi. Januari 2023 Oracle ilianza kutoza leseni ya Java kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa kampuni, hata dereva na mlinzi ambao hawajui Java ni nini. Bei ya orodha kwa kampuni yenye watu chini ya 1,000 ilianzia dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwa watu 300, hiyo ni dola 54,000 kwa mwaka. Eclipse Temurin na Amazon Corretto zimejengwa kutoka OpenJDK, yaani Java huria, ileile na hazitozwi kitu. Mwambie fundi akuoneshe kwa macho yako seva ina Java ya nani. Amri ya `java -version` inatosha.

Hifadhidata ipi? PostgreSQL, MySQL, SQL Server au Oracle?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu seva ya wavuti unaweza kuibadilisha kwa mchana mmoja, lakini kubadilisha hifadhidata ni mradi wa miezi.

Kwa mfumo mpya usio na masharti kutoka kwa mtu mwingine, mimi nachukua PostgreSQL. Leseni yake ni huria kweli, haimilikiwi na kampuni moja, na kila toleo kuu linahudumiwa kwa miaka 5, hivyo unaweza kupanga lini utahama bila kushtukizwa. MySQL nayo ni nzuri na mafundi wake ni wengi zaidi kwetu, hasa waliokulia kwenye PHP. Iko mikononi mwa Oracle tangu 2010; MariaDB ni tawi, yaani nakala ya mradi inayoendelezwa kivyake, lililoanzishwa na waasisi wa MySQL kwa kuhofia umiliki huo. Angalia tu usiuziwe toleo lililokwisha muda. MySQL 5.7 iliachwa Oktoba 2023, na bado naikuta kwenye profoma.

SQL Server inaeleweka pale ambapo nyumba nzima ni ya Microsoft na wahasibu wanaishi ndani ya Excel. Toleo la bure la Express lina ukomo: kwenye matoleo ya 2019 na 2022, kila hifadhidata mwisho wake ni GB 10. Duka linaanza kwa raha, miaka mitatu baadaye mauzo yanagoma kuingia siku ya sikukuu. Muulize muuzaji hilo kabla, na umwombe bei ya toleo la juu leo, si siku hiyo.

Oracle ni mashine yenye nguvu, sikatai. Ila fanya hesabu. Bei ya orodha ya Enterprise Edition ni dola 47,500 kwa prosesa, na kwa chipu za kawaida za Intel kila kiini huhesabika kama nusu prosesa. Seva ya viini 8 ni prosesa 4, yaani dola 190,000, na huduma ya kila mwaka ni asilimia 22, yaani dola 41,800. Punguzo lipo, na hupatikana kwa wanaojua kuomba. Hata hivyo, jiulize kama biashara yako ina tatizo la ukubwa huo.

Tukijaribu hifadhidata mbili, tutajuaje ipi ina kasi?

Kwanza hakikisheni mnalinganisha kwa haki, maana majaribio mengi ninayooneshwa hayana haki hata kidogo. Mfano wa kila siku: PostgreSQL ikiwekwa tu bila kuguswa, `shared_buffers` yake, yaani kumbukumbu inayojitengea kushikilia data, ni MB 128, hata kama seva ina GB 64. SQL Server ikiwekwa bila kuguswa haina kikomo cha kumbukumbu, inajinyakulia kadiri inavyohitaji. Ukizishindanisha hivyo, umeshindanisha aliyefungwa mkono na aliye huru. Kwa PostgreSQL, robo ya kumbukumbu ya seva ni mahali pazuri pa kuanzia.

Pili, tumieni data yenu. Chukueni nakala ya miaka miwili ya mauzo, ficheni majina na namba za simu za wateja, kisha endesheni kazi zile zile ambazo huwaumiza: ripoti ya kufunga mwezi, taarifa za wanachama, siku ya mishahara. JMeter au k6 zitaiga watumiaji kwa wingi na zote hazina gharama. Wastani wa sekunde msiuamini peke yake. Angalieni wale asilimia 5 waliosubiri zaidi, ndio wanaopiga simu kulalamika.

Tatu, kabla ya kuhukumu bidhaa, tazameni mipangilio. Hapa nitakaa kidogo. Tomcat kwa kawaida ina nyuzi 200 za kupokea maombi, kila uzi ombi moja kwa wakati. HikariCP, ambayo mifumo mingi ya Java iliyojengwa kwa Spring Boot huitumia kuunganishwa na hifadhidata, ina miunganisho 10. PostgreSQL hukubali miunganisho 100. Sasa tuseme ni tarehe 30 na makarani 60 wamebonyeza ripoti kwa pamoja. Sitini wanaingia Tomcat bila shida, kumi wanapata muunganisho, hamsini wanasubiri. HikariCP husubiri sekunde 30 kisha hurusha kosa. Kama ombi lenyewe ni refu, Nginx nayo husubiri jibu kwa sekunde 60 halafu humpa karani ukurasa wenye namba 504. Mkubwa anapoona 504 anasema hifadhidata haifai, tununue nyingine. Ukiingia kwenye hifadhidata wakati huo huo unakuta prosesa iko asilimia 20, imetulia tuli. Kilichokosekana ni kurekebisha namba moja, na pengine faharasa (orodha ya kutafutia haraka) kwenye safu ya tarehe.

Namba nayo ina lugha yake: 504 ni kwamba Nginx ilisubiri ikachoka, 502 mara nyingi ni kwamba seva ya programu nyuma yake imekufa au haijawaka. Fundi anayekuletea malalamiko bila namba wala logi, mrudishe akazilete.

Tukae kwenye klaudi ya nje au tuweke seva yetu hapa?

Swali hili lina majibu mawili ya kweli, na watu hupenda kusikia moja.

Klaudi kubwa, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, zimesogea. Microsoft ilifungua vituo Johannesburg na Cape Town Machi 2019, AWS ya Amazon ikafungua Cape Town Aprili 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi hiyo ni nafuu kubwa kuliko kwenda Ulaya. Huhangaiki na jenereta, diski ikifa hujui hata kama imekufa, na unaweza kuongeza nguvu kwa wiki moja ya mauzo kisha ukapunguza.

Lakini kati yako na Cape Town kuna bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani zikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Februari ya mwaka huo huo nyaya nyingine zilikuwa zimekatika kwenye Bahari ya Shamu. Duka ambalo mfumo wake wote uko ng'ambo liliandika risiti kwa mkono. Duka lenye seva kwenye kituo cha data cha mjini, limeunganishwa na matawi kwa faiba za ndani, liliendelea kuuza.

Kwa hiyo ninachopendekeza mara nyingi ni mchanganyiko: mauzo na stoo vikae nchini, kwenye kituo cha data kinachoeleweka na si chini ya meza ya mhasibu, nakala za akiba, barua pepe na tovuti ya matangazo viende nje. Kitu kimoja msikigawe: programu na hifadhidata yake. Tuseme ukurasa mmoja unauliza hifadhidata mara 40, na kila swali linasafiri milisekunde 60 kwenda na kurudi. Hizo ni sekunde 2.4 za safari tupu, kabla kazi haijafanyika. Ukiziweka pamoja, safari hiyo inayeyuka.

Bili nayo inakuja kwa dola huku wewe unauza kwa shilingi, na malipo kwa mtoa huduma asiye mkazi yana habari zake za kodi ya zuio. Mhasibu akae kwenye kikao hicho tangu mwanzo.

Sheria inaturuhusu kuweka data za wateja nje ya nchi?

Kwa masharti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Zote mbili zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi kuvuka mpaka, na zinataka wanaoshika taarifa hizo wajisajili. Benki, SACCOS na hospitali zina wasimamizi wao juu ya hapo. Mtafute mwanasheria kabla hujasaini, kwa sababu kuhamisha data iliyokwisha kwenda ni ghali.

Msanidi anasema lazima tuwe na Kubernetes. Kweli?

Karibu hakika hapana. Kubernetes, programu ya kusimamia makontena kwenye seva nyingi, ilitoka Google mwaka 2014 kwa ajili ya watu wenye huduma nyingi zinazobadilika kila siku. Matoleo mapya hutoka mara tatu kwa mwaka na kila moja huhudumiwa kwa takriban miezi 14, maana yake unahitaji mtu ambaye kuihudumia ndiyo kazi yake. Kama mfumo wako ni mmoja na hifadhidata ni moja, makontena machache ya Docker (vifurushi vyenye programu na vyote inavyohitaji) kwenye seva mbili yatakufikisha mbali sana. Ukiona fundi anataka Kubernetes kwa wasifu wake wa kazi, mwelewe, ila usimlipie.

Foleni ya ujumbe ni ya nini? RabbitMQ au Kafka?

Ni ya kazi ambazo hazipaswi kumsubirisha mtu. Mteja amelipa kwa M-Pesa, mfumo wa malipo unatuma taarifa kwenye seva yako. Kama hapo hapo seva inajaribu kuandika mauzo, kutoa risiti ya kodi, kupunguza stoo na kutuma SMS, kimoja kikikwama vyote vinakwama. Afadhali ipokee, iiweke taarifa kwenye foleni, ijibu "nimepata", halafu kazi nyingine zifanyike nyuma.

Jengeni mkijua kwamba taarifa inaweza kuja mara mbili, au isije kabisa. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye jedwali, ili ikija mara ya pili ikataliwe kimya kimya na mteja asipewe mzigo mara mbili. Na kuwe na kazi inayopita kila baada ya dakika kadhaa kuulizia hali ya malipo yaliyoning'inia. Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa, ina huduma ya kuulizia muamala kwa ajili hiyo.

Kwa kazi kama hii RabbitMQ inatosha na ni rahisi kuielewa. Kafka, iliyozaliwa LinkedIn, ni ya mito mikubwa ya matukio ambayo unataka kuyasoma tena na tena. Na kwa kweli, kwa malipo mia chache kwa siku, jedwali ndani ya PostgreSQL lenyewe ni foleni tosha.

Programu huria ikiharibika, tunamlilia nani?

Yule uliyemlipa kuihudumia, na umlipe kabla haijaharibika. Huria haimaanishi haina huduma. Zipo kampuni zinazotoa mikataba ya PostgreSQL, na Red Hat na SUSE wamejenga biashara nzima hapo.

Hatari yake ya kweli iko kwingine: mwenye mradi anaweza kubadilisha masharti. Redis, hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu, ilibadilisha leseni Machi 2024, na ndani ya siku chache tawi la Valkey likazaliwa chini ya Linux Foundation. Redis ikarudisha leseni huria mwaka 2025. CentOS Linux 8, mfumo endeshi wa bure wa seva, ilikatishwa 31 Desemba 2021, mapema kuliko ilivyotarajiwa, wengi wakahamia Rocky Linux na AlmaLinux. Mradi unaomilikiwa na taasisi au jamii, kama PostgreSQL, Tomcat au Debian, hauna mtu mmoja wa kuamka asubuhi na kubadilisha mawazo.

Tuamini nyota na majedwali ya kulinganisha bidhaa?

Yatumie kupata majina, basi. Jedwali lenye alama za tiki halikwambii kwamba kipengele kipo kwenye toleo la bei ya juu tu, wala kwamba waliotoa nyota wana timu ya mafundi ishirini. Simu moja kwa kampuni ya hapa hapa inayotumia bidhaa hiyo kwa mwaka na zaidi itakupa mengi kuliko kurasa zote. Uliza hivi: mara ya mwisho mfumo ulilala lini, na nani aliuamsha?

Mtoa huduma anaahidi mfumo kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Ni nzuri?

Ni karibu saa 8 na dakika 46 za kulala kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni kama dakika 53. Soma kama matengenezo yaliyotangazwa yanahesabiwa, na fidia ni nini. Mara nyingi ni punguzo la bili ya mwezi, si hasara ya mauzo yako.

Na usalama?

Desemba 2021 kasoro ya Log4j, kipande cha Java cha kuandika kumbukumbu za matukio, iliyosajiliwa kama CVE-2021-44228, ilipewa alama 10 kati ya 10 za ukali, na kampuni nyingi hazikujua hata kama zinaitumia, kwa sababu ilikuwa imejificha ndani ya programu nyingine. Kwa hiyo dai orodha ya vipande vyote na matoleo yake, iwe sehemu ya makabidhiano. Ulizia pia nani anasasisha, na siku gani. Nakala ya akiba ambayo haijawahi kurudishwa kwenye seva tupu na kuwashwa, usiihesabu kuwa ni nakala.

Tukishachagua, tuhamie lini?

Si mwisho wa mwezi, si siku za mishahara, si wiki ya kupeleka ritani, wala usiku wa kuamkia sikukuu. Jumamosi jioni ya wiki ya pili ya mwezi hufaa wengi. Wiki mbili kabla, fanyeni zoezi zima kwa nakala ya data na muandike kila hatua imechukua dakika ngapi, ikiwemo hatua ya kurudi nyuma. Wekeni saa ya mwisho ya kuamua: kama saa nane usiku jumla za mauzo za mfumo mpya hazijalingana na za zamani, mnarudi, na hakuna wa kubembeleza. Mfumo wa zamani uachwe wa kusomwa tu hadi mhasibu afunge mwezi mmoja kamili kwenye mpya na kusaini kwamba hesabu zimekubali.